Namna ya kuadhimisha Siku ya Mama kwa desturi zake za mwanzo

Karibu kila desturi ya Siku ya Mama ina chanzo kinachojulikana: tarehe yake, ua lake, barua yake, hata keki yake. Aliyeianzisha, Anna Jarvis wa Marekani, aliipanga kwa makusudi. Alitaka iwe Jumapili, iwe na ibada, kila mtoto avae ua moja jeupe, aliye karibu arudi nyumbani, na aliye mbali aandike barua kwa mkono wake. Zawadi za dukani hazikuwamo katika mpango huo. Tunaamini mpango ule bado ndio bora kuliko yote iliyokuja baadaye, kwa hiyo mwongozo huu unaufuata, na kuongeza desturi chache za nchi nyingine zinazofaa kuigwa.

Ilikotoka

Ann Reeves Jarvis aliishi katika milima ya jimbo ambalo leo ni West Virginia, Marekani. Alizaa watoto zaidi ya kumi na kuzika wengi wao wakiwa wadogo. Waliofikia utu uzima ni wanne. Mwaka 1858 alianza kuunda vikundi vya akina mama vya kupambana na maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza watoto. Vikundi hivyo vilikagua maziwa, vilifundisha usafi wa maji na nyumba, vilichanga fedha za dawa, na kuwatafutia wasaidizi wa kazi za nyumbani akina mama waliougua kifua kikuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, akina mama hao waliwauguza askari wa pande zote mbili. Vita vilipokwisha, mwaka 1868, Ann aliwaita mjini Pruntytown maadui wa jana pamoja na mama zao, wakutane na kupatana. Kwa hiyo mzizi wa sikukuu hii ni kazi: afya ya watoto na upatanisho wa majirani.

Ann alifariki tarehe 9 Mei 1905. Binti yake Anna, aliyekuwa akiishi Philadelphia, akaanza kuwaandikia wabunge, magavana, wachungaji na wafanyabiashara akiomba itengwe siku ya kuwaheshimu mama. Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kwanza rasmi ilifanyika katika Kanisa la Andrews la Wamethodisti mjini Grafton, West Virginia, ambako mama yake alifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Anna mwenyewe hakuwapo. Alituma maua 500 meupe ya aina ya kanesheni. Alasiri ya siku hiyohiyo alihutubia mkutano mwingine mkubwa ndani ya duka la Wanamaker huko Philadelphia. West Virginia iliitambua siku hiyo mwaka 1910, na tarehe 9 Mei 1914 Rais Woodrow Wilson alitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya taifa zima. Jumapili hiyo ilichaguliwa kwa kuwa haiwi mbali na tarehe aliyofariki Ann.

Kuna mwingine anayetajwa sana, Julia Ward Howe wa Boston. Mwaka 1870 aliandika wito kwa wanawake wa dunia wakatae kuwatoa watoto wao vitani, kisha akapigania siku ya akina mama kwa ajili ya amani. Wito wake unastahili kusomwa, lakini lengo lake lilikuwa jingine na siku yake haikudumu. Ukiandaa hotuba au tangazo, usiwachanganye hawa wawili.

Usianze pia hotuba yako na Warumi. Ni kweli Roma ya kale ilikuwa na Matronalia tarehe 1 Machi, sikukuu ya mungu wa kike Juno Lucina, mlinzi wa wanawake wanaojifungua, na wake walipewa zawadi na waume zao. Lakini Anna Jarvis hakuichukua siku yake huko. Aliichukua kwa mama yake.

Uingereza ndiko kwenye sikukuu ya zamani zaidi, na hiyo ina ukoo wake. Ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo somo lake la zamani lilitoka Wagalatia sura ya 4, palipoandikwa kwamba Yerusalemu ya juu ndiyo mama yetu. Watu walikwenda kwenye kanisa mama la eneo lao, na vijana waliofanya kazi majumbani mwa watu waliruhusiwa kwenda kwao, wakichuma maua ya porini njiani na kuyapeleka kwa mama. Desturi hii ilikuwa imefifia hadi Constance Penswick Smith wa Nottinghamshire alipoanza kuifufua mwaka 1913, baada ya kusikia habari za Anna Jarvis.

Kupata tarehe bila kukosea

Nchi nyingi zimechukua Jumapili ya pili ya Mei. Daima huangukia kati ya tarehe 8 na 14: mwaka 2026 ni tarehe 10, mwaka 2027 ni tarehe 9, mwaka 2028 ni tarehe 14. Kosa la kawaida ni kuhesabu mistari ya kalenda badala ya kuhesabu Jumapili zenyewe. Mei 2026 inaanza siku ya Ijumaa, kwa hiyo katika kalenda inayoanza na Jumapili mstari wa kwanza hauna Jumapili yoyote ya Mei, na Jumapili ya pili iko mstari wa tatu. Tafuta Jumapili iliyo kati ya 8 na 14, usitazame kitu kingine.

Kwa mama aliyeko Uingereza au Ireland, tafuta tarehe ya Pasaka kisha urudi nyuma siku 21. Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili, hivyo siku yake ni tarehe 15 Machi. Mwaka 2027 ni tarehe 7 Machi, na mwaka 2028 ni tarehe 26 Machi. Haiwezi kutangulia tarehe 1 Machi wala kuvuka tarehe 4 Aprili. Watoto wanaoishi nje huishia kupeleka salamu mwezi wa Mei, mama akiwa ameshakaa wiki kadhaa akidhani amesahauliwa. Ni kosa dogo kwenye kalenda, lakini humuumiza mtu kwelikweli.

Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1950, huadhimisha Jumapili ya mwisho ya Mei. Pentekoste ikiangukia siku hiyo, sikukuu husogezwa hadi Jumapili ya kwanza ya Juni, kama ilivyotokea mwaka 2023. Meksiko ni tarehe 10 Mei kila mwaka, iwe Jumapili au Jumanne, tangu kampeni ya gazeti la Excélsior mwaka 1922. Misri na nchi nyingi za Kiarabu ni tarehe 21 Machi. Ilianza Misri mwaka 1956 kwa juhudi za waandishi wa habari ndugu wawili, Mustafa na Ali Amin. Poland ni tarehe 26 Mei, Thailand tarehe 12 Agosti, siku aliyozaliwa Malkia Sirikit. Norwe ni Jumapili ya pili ya Februari, na Argentina Jumapili ya tatu ya Oktoba. Indonesia ni tarehe 22 Desemba, kwa kumbukumbu ya kongamano la kwanza la wanawake lililofunguliwa tarehe hiyo mwaka 1928.

Fuata kalenda ya mahali anapoishi mama, si ya mahali unapoishi wewe. Majirani zake watakuwa wakitembelewa na watoto wao siku hiyo.

Ua jeupe

Anna alichagua kanesheni nyeupe kwa sababu mama yake aliipenda. Baadaye alieleza sababu nyingine: kanesheni haiangushi petali zake inapokufa, bali huzikunja ndani na kuzikumbatia. Alichokiona kina maelezo ya kisayansi. Kanesheni huathirika mno na ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva na maua yanayozeeka, na dalili ya kwanza ni petali kujikunja kuelekea ndani. Kwa hiyo adui mkubwa wa maua yako ni bakuli la matunda lililo mezani. Weka chombo cha maua karibu na ndizi au tufaha zilizoiva, na kesho yake yatakuwa yamesinyaa ingawa maji yamejaa.

Agiza wiki mbili kabla, kwani nyeupe huisha mapema. Upungufu huohuo ndio uliowafanya wauza maua wa Marekani waeneze desturi ya rangi mbili: nyekundu au waridi kwa mwenye mama aliye hai, nyeupe kwa aliyefiwa. Mwanzoni nyeupe ilikuwa ya wote. Chagua mojawapo ya desturi hizo na uwaambie watu mapema, la sivyo mwenye mama aliye hai atavaa nyeupe na kuanza kupewa pole.

Unaponunua, chukua maua yaliyofunguka nusu, petali za katikati zikiwa bado zimesimama na kubanana. Kagua kikombe cha kijani kinachoshika petali: kikiwa kimepasuka upande mmoja, ua litalegea na kumwagika upande huo, nawe hutaweza kulivaa.

Ukifika nyumbani:

1. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni. Utelezi wa zamani ndani ya chombo ni bakteria, nao huziba mishipa ya shina.
2. Ondoa majani yote yatakayozama majini, kwa sababu yataoza.
3. Kata sentimita 2 hadi 3 za shina kwa kisu kikali, kwa mshazari, katikati ya vifundo viwili. Usikate kwenye kifundo. Pale shina ni gumu na maji hupanda kwa shida.
4. Kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu tia kijiko 1 cha mezani cha sukari na vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau, ukoroge, kisha tia robo kijiko cha chai cha dawa ya kupaushia nguo. Usiichanganye dawa hiyo na limau kabla hujatia maji, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu.
5. Yaache maua mahali pa baridi penye kivuli kwa saa kadhaa kabla ya kuyapanga.
6. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila mara ukate tena sentimita moja.

Sukari peke yake bila dawa ni kosa tunaloliona sana. Huwalisha bakteria kabla haijalilisha ua. Kwa utunzaji huu kanesheni hukaa wiki mbili, muda mrefu kuliko maua mengi ya kukatwa.

Ua la kuvaa kifuani hutayarishwa hivi. Acha shina la sentimita 4 au 5. Pitisha waya mwembamba wa maua, urefu wa sentimita 15, katikati ya kikombe cha kijani, toka upande mmoja hadi wa pili, kisha kunja ncha zote mbili chini sambamba na shina. Zungushia utepe wa maua kuanzia juu kwenda chini huku ukiuvuta, kwani utepe huo haunati mpaka uvutwe. Asiyejua hilo huuzungusha ukiwa umelegea na kuishia kudhani amenunua mbovu. Vaa upande wa kushoto, kichwa cha ua kikiwa juu, na ushike kwa pini mbili zinazopishana kutoka nyuma ya kitambaa. Pini moja hufanya ua lizunguke na kuning'inia kichwa chini. Yaliyotengenezwa jioni ya Jumamosi hulala salama ndani ya kasha lililofungwa, juu ya karatasi yenye unyevu, kwenye jokofu lisilo na matunda.

Ukitaka kufuata Wathai, chukua yasimini. Weupe na harufu yake huwakilisha upendo wa mama, na watoto hupiga magoti mbele yake wakimpa shada. Tunga shada hilo asubuhi ileile, kwa kuwa yasimini iliyochumwa huwa kahawia kabla siku haijaisha.

Barua

Hapa ndipo Anna Jarvis alipokuwa mkali kuliko popote. Kadi zilizochapishwa tayari alizichukia waziwazi. Aliona kwamba mtoto aliyelelewa miaka yote hashindwi kuandika ukurasa mmoja. Alipambana na wauza maua, watengenezaji wa kadi na wauza peremende hadi akamaliza mali yake. Mwaka 1925 aliingia katika mkutano wa chama cha mama wa askari huko Philadelphia waliokuwa wakiuza kanesheni, akakamatwa kwa kuvuruga amani. Alifariki mwaka 1948 akiwa na miaka 84, bila mtoto. Wengi humkumbuka kama mtu mwenye hasira. Sisi tunaona alikuwa na haki katika jambo moja kubwa: barua ndiyo kitu pekee katika siku hii ambacho hakuna duka linaloweza kukuandalia.

Ukurasa mmoja hadi miwili unatosha. Andika rasimu kwanza, kisha nakili kwa kalamu ya wino mweusi au wa buluu iliyokoza kwenye karatasi isiyong'aa. Kwa mama mwenye macho hafifu, herufi ziwe na kimo cha milimita 5 au zaidi, na uruke mstari mmoja kati ya kila mistari miwili.

Anza na jambo moja alilolifanya, kwa jina lake, mahali pake na wakati wake. "Asante kwa yote" haimwambii kitu. Aliyeandika "ule mwaka niliougua ulilala kwenye kiti siku tatu" ameandika barua. Kisha eleza jambo hilo limekufanyaje: kazi unayoifanya, namna unavyolea, tabia uliyoichukua kwake. Halafu mwulize swali moja la kweli kuhusu maisha yake kabla hujazaliwa, ili naye awe na la kujibu. Malizia kwa habari moja ya sasa na ahadi yenye tarehe: "nitapiga simu Jumatano jioni", wala si "tutaonana Mungu akipenda".

Barua hizi huharibika kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni kuomba radhi ukurasa mzima. Mama humaliza kusoma akiwa na kazi ya kukufariji wewe. Ukiwa na la kuomba radhi, liseme kwa sentensi mbili na uendelee. Ya pili ni kupenyeza ombi la fedha au la upatanishi kati yake na ndugu fulani. Hilo lisubiri wiki nyingine. Ya tatu ni shairi lililonakiliwa kutoka intaneti. Mama huijua sauti ya mwanawe na atagundua kabla ya ubeti wa pili.

Ipeleke posta mapema, ndani ya nchi siku kumi kabla, nje ya nchi wiki tatu au nne. Ikiwa mama hasomi, iandike vilevile, umpe mtu mmoja anayemwamini amsomee faraghani, na karatasi yenyewe abaki nayo. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu uliosomwa kutoka kwenye barua hiyo ni nyongeza nzuri, ila sauti hupotea simu inapobadilishwa.

Keki ya simneli

Waingereza wana keki yao kwa Jumapili hii: keki ya zabibu yenye mazipani (donge la lozi za kusaga na sukari) katikati na juu, na vidonge 11 vya mazipani pembeni, kwa mitume 12 ukimtoa Yuda. Siku hizi huliwa zaidi wakati wa Pasaka, lakini kuirudisha kwa mama si kazi. Vipimo hivi ni vya chombo cha mviringo cha kipenyo cha sentimita 18 chenye kina cha sentimita 7 au zaidi.

Kwa mazipani: lozi za kusaga gramu 250, sukari laini nyeupe gramu 125, sukari ya aisingi gramu 125, yai 1.

Kwa keki: siagi laini gramu 175, sukari ya kahawia gramu 175, mayai 3, unga wa ngano gramu 225, beking pauda kijiko 1 cha chai, mdalasini kijiko 1 cha chai, kungumanga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, zabibu kavu gramu 350, maganda ya limau moja yaliyokwaruzwa, maziwa vijiko 2 vya mezani. Weka pia jamu laini vijiko 2 vya mezani kwa kugandishia.

Anza na mazipani. Piga yai na sukari laini ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji, mpaka mchanganyiko uwe mzito na ufike nyuzi 71 za Selsiasi. Joto hilo huliivisha yai, jambo la lazima ikiwa mama ni mzee au mjamzito. Epua, changanya na aisingi na lozi, kanda kidogo tu. Ukikanda sana mafuta ya lozi hutoka na donge huanza kuchuruzika. Funga kwa plastiki, liache lipoe, kisha ligawe sehemu tatu sawa.

Washa oveni nyuzi 150, au 140 kama ina feni. Tandika chombo karatasi ya kuokea mara mbili, chini na kando. Piga siagi na sukari dakika tano hadi vipauke. Ongeza mayai moja moja, kila moja pamoja na kijiko cha unga ili mchanganyiko usikatike. Ongeza unga uliochekechwa na viungo, kisha maziwa, na mwisho zabibu na maganda ya limau. Zabibu ukiziosha, zikaushe kabisa kwa kitambaa na kuzipaka unga kidogo. Zikiwa na maji huzama zote chini.

Mimina nusu ya rojo. Sukuma sehemu ya kwanza ya mazipani iwe duara la sentimita 17, ilaze juu ya rojo, kisha mimina nusu iliyobaki na usawazishe. Oka saa 2 hadi saa 2 na robo. Usifungue oveni saa ya kwanza. Baada ya hapo funika juu kwa karatasi ikiwa inakoza rangi.

Kuipima ndiko kunakowashinda wengi. Kijiti ukikichoma hadi chini kitatoka na utando unaonata, nawe utadhani keki ni mbichi, kumbe ni mazipani ya katikati iliyoyeyuka. Watu huirudisha ndani mpaka ikauke kama mbao. Choma kijiti kisifike nusu ya kimo, yaliko mazipani, kisha bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu, imeiva.

Iache ipoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Mazipani ukiiweka juu ya keki ya moto hulowa na kuteleza. Pasha jamu, ipake juu, laza duara la pili la sentimita 18, na uviringe sehemu ya tatu kuwa vidonge 11 vya gramu 16 hivi. Vigandishe pembeni kwa tone la jamu kila kimoja. Weka chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika moja au mbili ukiwa umesimama hapohapo. Kati ya rangi ya dhahabu na kuungua kuna sekunde chache. Uliza kwanza kama kuna mlaji mwenye mzio wa lozi. Ndani ya kopo lililofungwa, mahali pa baridi, keki hukaa wiki moja hadi mbili.

Kumtembelea

Nchini Australia desturi ya zawadi ilianza kwa kumtembelea mtu. Mwaka 1924 Janet Heyden wa Sydney alikuwa akienda kumwona rafiki yake katika makao ya Newington, akawaona humo wanawake wengi wazee wasiotembelewa na mtu. Akawashawishi watoto wa shule na wafanyabiashara wa mahali pale watoe zawadi za kuwapelekea. Ukiwa na nafasi siku hiyo, nenda na maua mawili, la mama yako na la mama mmoja asiye na wa kumtembelea. Piga simu makao hayo wiki moja kabla uulize saa za kuingia, vyakula visivyoruhusiwa, na nani hajapata mgeni kwa muda mrefu.

Kwa mama yako mwenyewe, fika kabla ya shughuli, usifike pamoja na chakula. Kosa kubwa la siku hii ni kumfanya mama apike na kuosha vyombo vya wageni waliokuja kumheshimu. Kabla ya siku, gawaneni kazi kwa majina: nani anapika, nani anaosha, nani anamchukua na kumrudisha. Wameksiko humwamsha mama kwa nyimbo alfajiri. Kama familia yenu ina sauti, wimbo mmoja anaoupenda, uliofanyiwa mazoezi mara mbili, unatosha.

Ibada au mkusanyiko, na waliofiwa

Anayeandaa ibada ahesabu waumini wanaotarajiwa na kuongeza asilimia 10 ya maua, kwa kuwa mengine hupasuka au kuvunjika. Weka vikapu viwili mlangoni, rangi kwa rangi, na mtu mmoja wa kueleza kwa sauti ya chini. Kila mtu ajichukulie mwenyewe. Usiwasimamishe akina mama kwa hesabu ya watoto wao, na usimtunze zawadi mwenye wengi kuliko wote: humo ndani yumo aliyezika, aliyepoteza mimba, na aliyetamani asipate. Mwelekeo mzuri ni kumpa ua kila aliyelea, wakiwamo bibi, shangazi, mama mdogo na walezi. Sala au hotuba isizidi dakika kumi, na iwataje waliofariki kwa majina yaliyoandikwa mapema kwenye daftari mlangoni. Soma majina hayo polepole, ukihakikisha matamshi na jamaa zao kabla ya ibada.

Siku hii ilianza kwa binti aliyefiwa, kwa hiyo aliyefiwa hana sababu ya kujiweka pembeni. Huko Nepali, siku ya mwezi mwandamo katika Baisakh, mwezi mmoja wa kalenda ya huko, waliofiwa na mama huenda kwenye bwawa la Matatirtha karibu na Kathmandu, wakaoga na kutoa sadaka kwa ajili yake, na walio na mama hai huenda kwao na vyakula vitamu. Yote mawili ni sikukuu moja. Aliyefiwa anaweza kuvaa ua jeupe, kuandika barua ileile yenye jambo moja la kweli, na kuipeleka kwa dada au rafiki wa mama aliye hai, ambaye huenda ana kisa cha kurudisha.

Kwa watoto wadogo

Watoto chini ya miaka saba huchoshwa na hotuba. Wape desturi ya Waserbia, Materice, inayofanywa Jumapili ya pili kabla ya Krismasi: watoto humnyemelea mama asubuhi na kumfunga miguu, naye hujikomboa kwa kuwapa peremende, karanga na matunda makavu. Jumapili iliyotangulia wazazi ndio huwafunga watoto, kwa hiyo wanakuwa na kisasi cha kulipa.

Tumia skafu pana ya sufu au kitambaa laini chenye urefu wa mita moja na nusu, kamwe si kamba nyembamba, inayokaza na kuchubua. Fungeni mama akiwa ameketi, fundo moja linalofunguka kwa kuvutwa, na mtu mzima asimame karibu asije akainuka akaanguka. Fidia itayarishwe usiku ndani ya mifuko midogo yenye majina, yote ya uzito mmoja, kwani watoto watailinganisha hapohapo. Kwa aliye chini ya miaka mitano, karanga nzima na peremende ngumu ziondolewe, zinaweza kumkaba. Mtilie vipande laini vya matunda.